Paka wa nyumba haingwa: nilivyomlinda Shombo na hatari za meko

Paka wangu Shombo aliungua mwezi wa Julai, upepo wa kusi umeshika, alfajiri ambayo hata mimi nilijitanda leso mbili nikisukuma mahamri. Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nikijiona nimeshayamaliza mambo ya paka na jiko. Niliweka kijiti cha mwanzi mlangoni, nikampigia "shii!" kila alipoingiza pua, na akizidi nikamrushia maji ya viganja. Akikimbia nasema moyoni, huyu ameshajua. Kumbe nilichomfundisha ni kungoja nitoke.

Jiko letu liko juu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kale hapa Mkomani. Wazee hukuita huko kidari cha meko. Moshi unapata pa kutokea na hewa ni nzuri, lakini chumba ni chembamba. Nyumba za mji wetu wa Lamu zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, ni mita tatu au pungufu, kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu visivyo na upana. Nikisimama katikati ya jiko, mkono mmoja unafika kwenye rafu ya sahani na wa pili unafika kwenye moto. Paka naye, hawa wetu warefu wa miguu na wembamba wa shingo ambao wageni hawaishi kuwapiga picha pale Mkunguni mbele ya ngome, anaruka mita moja na nusu bila kujikaza. Hakuna kitu jikoni mwangu asichoweza kukifikia kwa mruko mmoja.

Mimi nauza mahamri na viazi karai. Saa kumi alfajiri nimeshawasha seredani mbili, karai la mafuta juu ya moja na birika juu ya nyingine. Siku ile nilimaliza kukaanga kabla ya saa kumi na mbili, nikaiburura seredani kubwa hadi ukutani. Makaa yalikuwa yameshavaa jivu jeupe. Ukiyatazama utaapa yamezimika. Nikashuka na sinia kumpelekea mwenye duka la chini.

Nilisikia kilio kimoja tu, kifupi, kisha kimya. Nilipopanda nilimkuta amejibana nyuma ya mbuzi ya kukunia nazi, analamba nyayo za mbele kwa haraka ya ajabu, na jivu limemjaa kifuani. Siku hiyo jikoni hakukuwa na samaki, wala nyama, wala tone la maziwa. Shombo hakuingia kuiba. Aliingia kuota moto.

Hapo ndipo watu walipojaa, kama kawaida ya mtaa. Bibi yangu alikuja na kopo la samli. Jirani akaniambia nimpondee nusu kidonge cha parasetamoli apunguze maumivu, na alisema kwa huruma kabisa, kwa sababu ndivyo anavyowafanyia watoto wake. Nashukuru niliinua simu kwanza. Nilimpigia daktari wa mifugo anayewatibu punda wa mjomba. Nilipomtajia samli alisema nisithubutu, wala dawa ya meno, wala barafu: ni maji ya kawaida yapite juu ya nyayo kwa dakika ishirini. Nilipomtajia kidonge alipaza sauti. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile. Kidonge kimoja, ambacho mtu mzima anakimeza na kuendelea na kazi, kinaweza kumuua paka.

Dakika ishirini ni ndefu ukiwa umemshika paka. Nilimzungusha leso mwili mzima, nikaacha miguu miwili ya mbele tu nje, nikamkumbatia kifuani. Bibi alichota maji mtungini kwa kata akiyamimina pole pole, kata baada ya kata. Kila kata Shombo alitetemeka, lakini hakunikwaruza. Mnamo kata ya kumi hivi aliacha kulia akaegemeza kidevu kwenye mkono wangu. Bibi, bila kuniangalia, akasema, "Mwanangu, wewe siku zote ulikuwa wamuinga huyu. Paka wa nyumba haingwa."

Methali hiyo, kwamba paka wa nyumba hafukuzwi, nimeisikia tangu utoto, harusini na kwenye maneno ya leso, watu wakitupiana mafumbo. Sijawahi kudhani kuna siku nitaisikia ikisemwa juu ya paka mwenyewe.

Daktari alifika baada ya alasiri. Alizisafisha nyayo, akazifunga, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alimfunua mdomo akatazama fizi. Akazibonyeza kwa kidole, akatazama tena, akaniuliza, "Huyu anakula nini hapa?" Nikamjibu kwa fahari kwamba anakula tunachokula sisi, wali na mchuzi wa samaki, wakati mwingine samaki wa kupaka akibaki. Akauliza mchuzi unapikwa na nini. Basi na nini tena? Kitunguu, thomu, nyanya, bizari, tui.

Akaniambia fizi zimepauka kuliko inavyotakiwa. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na thomu ndiyo kali zaidi. Kupika hakuondoi sumu yake, wala kukausha na kusaga. Na ubaya wake ni kwamba haionekani siku ile ile. Paka anakula leo, siku kadhaa baadaye unamwona mnyonge, anahema, mkojo umekuwa mweusi mweusi, wala huwezi kukumbuka alikula nini. Nililia pale pale. Moto nilikuwa nikiuogopa, nikamwekea na fimbo, kumbe sahani niliyompa kwa mapenzi kila jioni nayo ilikuwa ikimuumiza.

Wiki ile nilipokuwa nikimfunga na kumfungua vidonda niliamua kufanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo, nalo ni kumtazama. Sikumfukuza. Nilikaa kwenye kibao nikaangalia anapokwenda. Niligundua anakuja jikoni kwa mambo matatu: joto, harufu, na mahali pa juu pa kukaa akatuona sote. Nikiyaondoa hayo matatu bila kumpa pengine, atarudi tu. Kwa hiyo nikaanza kumpa pengine.

Joto nilimtafutia ngazini, nje ya mlango wa jiko. Niliweka kikapu cha ukindu juu ya rafu ya ukutani, kimo cha kichwa changu, nikatandika kipande cha blanketi. Miezi ya baridi naweka chupa ya maji ya moto, si yanayochemka, nimeivisha soksi nene. Kutoka pale anaona jiko lote na anatuona tukipanda na kushuka. Samaki wake anampata hapo hapo, kabla sijawasha seredani. Akiwa ameshiba na yuko pa joto, harufu ya karai haimsumbui sana. Nikishaanza kukaanga nafunga mlango wa wavu mpaka nimalize.

Moto wenyewe nao ilibidi nizungumze nao. Nilikwenda kwa fundi wa mabati kule Langoni nikamweleza nataka tundu la wavu wa chuma, seredani ikae ndani, na mlango wenye komeo. Alifikiri nafuga kuku. Tundu hilo limeachana na seredani shibiri moja kila upande ili wavu usipate moto wa kuunguza. Karai la mafuta nikiliepua linaingia humo humo mpaka lipoe, maana mafuta yakitulia hayatoi mvuke wala sauti, na mnyama hajui kama yanaunguza. Makaa siyaachi tena kwenye seredani. Nayachota yakiwa bado na moto nayatia kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yanakufa, na kesho yake nayawasha tena, kwa hiyo hata gunia la makaa sasa linanikalia zaidi. Ndoo hiyo naiweka nje kwenye dari, yaani juu ya paa, penye upepo, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa huua watu, itakuwa paka?

Kuhusu chakula chetu, jawabu lilikuwa likining'inia nyumbani miaka yote. Bibi ana susu. Wasioliona siku hizi: ni kamba za makumbi ya nazi zilizofumwa kama wavu wenye kitako cha duara, zinakutana juu kwenye fundo moja, na fundo linaning'inizwa kwenye boriti. Ndani unaweka sahani au chungu. La Bibi lilikuwa limeshikilia vitunguu vikavu stoo, kamba zimekuwa nyeusi kwa moshi wa zamani. Nililiosha, nikalitundika jikoni, nikaweka ndani sahani ya samaki iliyofunikwa kwa kawa. Siku ya pili Shombo alikuwa juu yake! Nilikuwa nimelitundika karibu na rafu. Bibi akanionyesha: liwe mbali na ukuta kuliko urefu wa mkono, mbali na rafu, na chini yake pasiwe na kitu cha kukanyagia. Susu linayumba, na paka hapendi kurukia kitu kinachoyumba kama hana mahali imara pa kuondokea. Tangu nilisogeze hajaligusa.

Unga wa mahamri nao ulinipa kazi. Nilizoea kuuacha uumuke usiku chini ya kitambaa, na mara mbili nilikuta kitambaa kina shimo la mwili wa paka. Unga wa hamira una joto lake na ni laini, kwa nini asilale? Lakini akiula mbichi unaendelea kuumuka tumboni, na ile hamira inatoa kileo kinachoingia kwenye damu yake. Sasa unalala kwenye sufuria yenye kifuniko, na kinu cha thomu juu yake.

Maganda ya vitunguu na mifupa ya samaki aliyepikwa huingia kwenye ndoo yenye kifuniko mara moja, siyo ikishafika jioni. Mnofu wa Shombo nautoa kabla kiungo chochote hakijaingia sufuriani, nauchemsha kwa maji matupu, na miiba naitoa kwa vidole mwenyewe. Mbichi simpi kila siku, kwa sababu samaki wengine wabichi wakiwa ndio chakula cha kila siku humpunguzia paka vitamini B1. Namchanganyia na kuku. Ile dawa ya sakafu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini nimeiacha kabisa. Paka anaikanyaga, kisha analamba nyayo, na mwili wake hauwezi kuitoa. Natumia sabuni na maji mengi. Kaka yangu, ambaye ni mvuvi, nimemwomba asisafishie samaki wake jikoni, kwa ajili ya uzi wa mshipi na ndoana. Alinuna kidogo. Lakini paka akimeza uzi, unaweza kumkunja matumbo, na ukiuona umetokeza mdomoni au nyuma huuvuti. Unampeleka kwa daktari.

Mazoea mapya yalichukua kama wiki sita. Kila nilipomkuta kikapuni nilimpa kipande cha samaki na neno zuri, na kile kijiti cha mwanzi nilikichoma. Halafu ikaingia Ramadhani, kukaanga kukahamia baada ya alasiri, bajia na kaimati na sambusa, mlango unafunguliwa na kila mtu, na Shombo akarudi kama vile hatujawahi kuelewana. Ilibidi nianze upya kwa saa mpya: chakula chake saa tisa, kikapu, mlango wa wavu. Niliwaambia watoto wa nyumba nzima, anayeacha mlango wazi ndiye atakayemtoa paka, na kumtoa ni kwa kumwita, si kwa kumtupia kitu. Kufikia kumi la pili la mwezi alishaizoea na saa hiyo.

Sijawamaliza paka wa majirani. Hao huja kwa njia ya madari, nyumba hadi nyumba, wala hawajui kikapu chetu. Kwao nimetegemea tundu, vifuniko na susu, na nimewawekea bakuli la maji kwenye kona ya dari ili wasiwe na sababu ya kuingia.

Fizi za Shombo zilirudi rangi yake baada ya kuacha mchuzi, daktari alikuja akazitazama tena na kuridhika. Unyayo wa kushoto ulipona vizuri. Wa kulia umebaki na kovu gumu, na usiku nyumba ikitulia nausikia ukigonga kwenye sakafu ya chokaa, tofauti na mitatu mingine. Nikiusikia nahesabu: unapita mlango wa Bibi, unafika ngazini, unanyamaza kidogo, kisha kikapu kinalia.