Korwar, sanamu iliyoulizwa na kutakiwa ijibu

Sisi Wamakonde tuliokulia Newala tulisimuliwa tangu utotoni kwamba mama yetu wa kwanza alichongwa kwa mti: mwanamume aliyekuwa akiishi peke yake porini alichonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha, na usiku ikapata uhai ikawa mkewe. Watoto waliozaliwa bondeni karibu na mto walikufa, hadi wazazi walipopanda juu kwenye uwanda, na huko mtoto akaishi. Kwa sababu hiyo nimezisoma habari za korwar kama mtu anayesoma habari za jamaa wa mbali.

Korwar ni sanamu za wahenga kutoka Ghuba ya Cenderawasih, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha New Guinea, hususan visiwa vya Biak na Numfor. Mtu alipofariki, ndugu zake walichongesha sanamu ili roho yake ipate mahali pa kukaa. Kichwa huwa kikubwa kupita kiasi, kidevu kimekatwa mraba, pua imechongoka kama ncha ya mshale, na mara nyingi macho ni shanga. Mikono hushika kibao kilichotobolewatobolewa kwa nakshi za kujipinda. Nyingine ziliachwa wazi kichwani, na ndani yake likawekwa fuvu la marehemu mwenyewe.

Kinachonigusa zaidi ni matumizi yake. Kabla ya safari ya baharini, au ugonjwa ulipoingia nyumbani, watu waliiendea korwar, wakaipa tumbaku na chakula, wakamuuliza marehemu waliyemfahamu kwa jina. Mabaharia walichukua korwar ndogo ndani ya mitumbwi. Heshima hiyo ilikuwa na masharti: mhenga ambaye ushauri wake uliwaletea hasara tena na tena aliweza kutupwa au kuuzwa. Naona hapo imani ya watu makini, waliodai wafu wao watimize wajibu kama walio hai.

Wamisionari wa kwanza katika eneo hilo, Ottow na Geissler, walifika kisiwa cha Mansinam mwaka 1855, na kadiri Ukristo ulivyoenea korwar nyingi zilichomwa moto, nyingine zikapelekwa Ulaya. Huko zimehifadhiwa vizuri, jambo ninalolishukuru, lakini nyingi zimefika bila jina la marehemu, na kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko ufa wowote kwenye mti. Yatupasa kulifikiria hata huku kusini, kwani mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago na vyombo kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Vinyago vya mapiko, yaani barakoa za ngoma, vilivyobaki vijijini bado vina wazee wanaojua nani alivichonga na nani alivicheza jandoni. Nimeanza kuwauliza wale wa ukoo wetu, kwa ruhusa yao, na kuandika yale tu wanayokubali yaandikwe.