Kupanda Amani: Bustani Iliyogeuzwa Kiwanda cha Vita

Kutoka Muheza, mji wa machungwa, basi dogo lilitufikisha Sigi, ambako reli nyembamba ya Wajerumani ilikuwa ikiishia na ambako nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama. Kutoka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, hadi Amani.

Taasisi ya utafiti wa kilimo ilianzishwa hapa mwaka 1902 ili kuwajaribia walowezi mazao: kahawa, mpira, viungo na miti ya kwinini. Mzee aliyenitembeza alibandua kipande cha gome la mmoja wa miti hiyo akaniambia, "Onja, mwanangu." Kilikuwa kichungu kama shubiri.

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoifunga pwani ya koloni hili la Wajerumani kwa manowari zao, bidhaa za Ulaya zilikoma kufika, isipokuwa zile za meli mbili zilizopenya, moja ikitia nanga Mansa, karibu na Tanga, mwaka huohuo, na nyingine Sudi mwaka uliofuata. Hapo Albrecht Zimmermann, mkurugenzi wa taasisi, na wenzake waliigeuza maabara kuwa kiwanda, wakatengeneza chokoleti, pombe kali, viungo vya chakula, sabuni, na kwinini ambayo bila hiyo jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lingeangamizwa na malaria.

Wanaosimulia habari hizi husifu werevu wa wanakemia, nami siukatai. Hata hivyo, chokoleti haikumshibisha askari wala mpagazi. Hao waliishi kwa unga wa mahindi na mtama uliotwaliwa vijijini, nao kwa sehemu kubwa ulitwangwa na kusagwa na wanawake kwa mikono yao, kisha ukasafirishwa vichwani mwa watu, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, na reli kuu zilikuwa mbili tu. Hesabu yake inatisha: mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25, akila kilo moja kwa siku, akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amebakiwa na kilo tano tu za kukabidhi. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kuziacha reli ndivyo lilivyozidi kuvikamua vijiji vya karibu.

Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916. Wajerumani waliorudi nyuma kusini hawakuwa tena na vidonge vya kwinini, wakawa wanachemsha gome lenyewe na kunywa maji yake, ambayo kwa mzaha waliyaita pombe ya Lettow.

Ugogo hakukuwa na mzaha. Wajerumani walichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha Waingereza walipoingia Dodoma wakachukua vilivyosalia. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haikutosha. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo huiita Mtunya, ilidumu kati ya 1917 na 1920, na inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000.