Maikrokontrola na vifaranga wa Uyole
Baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, ndiyo iliyonisukuma kujifunza kuprogramu maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha vifaa, kwa kuwa vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 na sikutaka kuamka usiku kukagua taa ya kuwapa joto. Nilianza na Arduino Uno, bodi ambayo chipu yake, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Ukilinganisha na simu ni kidogo mno, lakini kwa kusoma joto na kuwasha taa inatosha na kusaza. Programu ya kwanza, kama ilivyo desturi, iliwasha na kuzima taa ndogo ya pini ya 13, moja ya ncha za kuunganishia waya kwenye bodi. Kilichonifundisha zaidi ni kihisi joto cha DS18B20, ambacho waya wake wa data huunganishwa na ule wa umeme chanya kupitia rezista (kipingamizi cha umeme) ya kilo-omu 4.7, kwa sababu kihisi chenyewe huweza kuishusha volti ya waya huo lakini hakiwezi kuipandisha. Taa ya vifaranga huwashwa kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo wa bodi, na upande wa volti 230 nimemwachia fundi umeme. Sasa ninaandaa king'ora cha kunijulisha umeme ukikatika, nacho kitahitaji betri yake.