Makadamia yangu Ukerewe na huu upepo wa ziwani

Makadamia, ule mti wa kokwa ngumu zenye kiini cha kula, wengi wanaijua ya Kilimanjaro na Mbeya, huku Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, ukisema unapanda makadamia mtu anakuuliza ndo korosho hizo? Mi shamba langu liko karibu na ufukwe, udongo kichanga, na nimekaa na hii miti mpaka imezaa. Nachoweza kusema ni kwamba ukiwa huku ziwani kazi yako kubwa ni mizizi na upepo, mengine yanafuata.

Nilichukua miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine, maana ya mbegu unaweza kungoja hata miaka 7 au zaidi ndo uone kitu, na nikachanganya aina mbili kwa sababu maua yakichavushana na aina nyingine yanashika vizuri zaidi, nyuki wakiwepo ndo raha kabisa.

Sasa mizizi. Huu mti kwao Australia, umezoea udongo wenye fosforasi kidogo sana, kwa hiyo una vijizizi vingi vimesongamana kama brashi juu juu ya ardhi, vinanyonya kila kilichopo. Ndo maana ile mbolea ya DAP yenye fosforasi nyingi tunayoweka kwenye mahindi mi huku sikuitia kabisa, ikizidi mti unakuwa njano na kudhoofika, nikatumia samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri basi. Na jembe halipiti chini ya mti! Nafyeka majani alafu natandaza magugumaji, haya haya yanayowasumbua wavuvi na mitumbwi yao, tunayavuta pwani, tunayaanika mpaka yakauke ndo tunayaleta shambani, nchi kavu hayaoti tena na kiangazi cha Juni mpaka Septemba udongo chini yake unabaki na unyevu. Ila usiyasogeze mpaka kwenye shina, acha kama shubiri moja hivi, maana mchwa wa huku unawajua.

Upepo nao. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, na mti wenyewe haupukutishi majani mwaka mzima alafu mizizi iko juu juu, yaani ukiuacha peke yake unalala. Upande wa ziwani nilitangulia kupanda mstari wa migrevilea, ambayo ni ukoo mmoja na makadamia na asili yake ni huko huko Australia, nikaiweka mbali kidogo isije ikagombania chakula.

Alafu miche ilipofika usawa wa kifua nikaikata vichwa. Mzee jirani yangu akaja mbio, "Mwanangu, mbona unaua miti iliyoshika vizuri?" Nikamwamkia nikamwonesha: juu pale yatachomoza matawi matatu yamesimama wima yamebanana, yakija kubeba mzigo upepo unayapasua. Kwa hiyo unaacha moja liendelee kuwa shina, mawili unayakata unabakiza kisiki kifupi, na chini ya visiki hivyo yanatoka matawi mengine yaliyotanuka, hayo ndo yenye nguvu. Mzee alirudi mwenyewe kuangalia yalipotoka. Hii hatua ndo naipenda kuliko zote, na naona ndo wengi wanairuka.

Kuvuna hupandi mtini wala hutikisi, unangoja kokwa zidondoke unaokota, usiziache chini zikalowa. Ukitaka kujua kama zimekomaa pasua ganda la nje, ndani likiwa la kahawia tayari, likiwa jeupe bado. Kingine, toa kiini ukitupie kwenye maji ya kawaida, kilichokomaa kinaelea sababu ya mafuta na kisichokomaa kinazama. Ganda la nje natoa siku hiyo hiyo, ukizirundika nalo zinapata joto zinaota ukungu. Baada ya hapo naanika kivulini kwenye chanja ya wavu, kama hizi za dagaa ila isiwe iliyonuka dagaa, nageuza geuza mpaka ukiitikisa kokwa unasikia kiini kinagonga ndani.

Na mwenye mbwa asikilize hili: makadamia kwa mbwa ni sumu, akila miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka na kutapika. Msimu wa kuokota mi wangu namfunga upande wa nyumbani, na watoto nimewaambia wasimrushie hata moja.