Nilijaza "ndiyo" kwa watu tisa

Wazo lilikuwa la Mangi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, Dodoma, mtu ambae bahari ameiona mara mbili tu akiwa anafuata mzigo Kariakoo. Januari 2019 tumekaa tisa tunakula kuku Area D, TV ya pale inaonesha watu wanateleza juu ya mawimbi kwa ubao, Mangi akaweka mfupa kwenye sahani akasema jamani mwaka huu na sisi tunaenda kufanya hivo. Tukacheka weee. Kufika saa nne usiku tayari kuna grupu la WhatsApp na mi nimeshafanywa mweka hazina, sababu eti niliwahi kushika hela za msiba wa ofisini na hazikupungua.

Mzenji, ambae alihamishiwa Dodoma kikazi na hajaacha kulalamikia vumbi hadi leo, akauliza kwani Paje kule Zanzibar kuna ubaya gani, si wazungu wanakuja kule kupeperuka na vishada? Swali zuri. Ila alafu mwenyewe akajijibu, kwamba Paje mawimbi yanavunjikia mbali kule kwenye mwamba, huku ndani maji yametulia kama beseni, ni pazuri kwa wenye vishada maana wanataka upepo, sie tulikuwa tunataka wimbi lenyewe. Basi ikawa Afrika Kusini, maana Mtanzania anaingia bila viza mpaka siku 90.

Kwa wiki mbili nikawa mtaalamu wa mawimbi bila kuloa hata kidole. Kila mtu alikuwa anaitaja Jeffreys Bay, nikasoma nikakuta kule ni kwa mafundi na maji ni ya baridi unavaa suti ya mpira mwili mzima. Muizenberg kule Cape Town wanaisifia kwa wanaoanza, tena Agatha Christie yule mwandishi wa hadithi za wauaji alijifunzia hapo 1922, lakini nako baridi. Durban maji ni ya vuguvugu hata wakati wa kipupwe kwao, na wameweka nyavu za kuzuia papa tangu 1952. Nilivoandika neno papa kwenye grupu nilijutia hapo hapo.

Maana ndani ya dakika tano mtu akatupia ile video ya 2015, Jeffreys Bay hiyo hiyo, fainali ya mashindano, Mick Fanning Mwaustralia amekaa kwenye ubao anasubiri wimbi, mara pezi linatokea nyuma yake. Jamaa alitoka mzima bila hata mkwaruzo, nikaandika hilo kwa herufi kubwa. Haikusaidia. Wawili wakajitoa usiku uleule, mmoja akiwa amepost sala.

Sasa kuhusu tarehe, hapa nilijiona nina akili kuliko wote. Nane Nane ilikuwa Alhamisi, na Idd el Hajj ilitegemewa Jumapili au Jumatatu, kwaio ukiomba ruhusa ya Ijumaa moja tu una wikiendi ndefu ya maana. Nikapongezwa sana. Mpaka nilipoanza kutafuta vyumba karibu na bichi nikakuta bei zimepanda na vingi vimejaa, kumbe tarehe 9 Agosti kwao ni sikukuu ya wanawake, na nchi nzima imepata akili kama yangu. Tukaishia chumba cha vitanda vya juu na chini, dakika kama ishirini kwa mguu toka baharini. Na Idd yenyewe ikatuondolea mwingine, aliandika tu "mi siwezi kuacha kuchinja na watoto nyumbani nikaenda kulala tumbo juu ya ubao", na ukifikiria huna la kumjibu. Mzenji yeye akasema atasali hukohuko, Durban misikiti ipo ya kutosha.

Mwingine hati ya kusafiria ilimshinda, sio kwa ile laki na nusu, ni jina: kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi H na kwenye kitambulisho halina. Mwingine mtumishi, kibali cha kutoka nje ya nchi, alikaa na ile fomu wiki nzima kwenye sehemu ya "sababu ya safari" akashindwa aandike nini ambacho bosi wake atakisoma bila kucheka. Hivo tukabaki wanne, mi, Mangi, Mzenji na Sista, nesi mmoja wa Chamwino ambae tangu mwanzo alikuwa haongei kwenye grupu ila michango yake inaingia tarehe moja ya kila mwezi, laki mbili na nusu, kabla ya wote.

Ila sijasema jambo lenyewe. Mwezi wa nne, tukiwa bado tisa kwenye makaratasi, ile shule ya mawimbi ya Durban ilituma fomu ya kujaza. Majina, urefu, uzito ili wakuandalie ubao, magonjwa. Na swali moja, je mshiriki anaweza kuogelea. Nikauliza kwenye grupu. Tiki za bluu, kimya. Watu waliokuwa wanabishania bei ya teksi ya Durban saa sita usiku, leo hakuna hata anaetaipu. Na mi nilikuwa najua kimya kile kinasema nini, sababu na mi nilikuwa nimenyamaza hivohivo. Nimezaliwa Dodoma, nimesoma Dodoma, maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni. Fomu ilikuwa inafungwa siku ileile. Nikajaza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara tisa, nikatuma.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamfata Mzenji nikamwambia ukweli, akanitazama muda mrefu akasema, "Yakhe, umetuandikia vifo."

Kuanzia mwezi wa tano kila Jumapili asubuhi tulikuwa kwenye bwawa la hoteli moja, elfu kumi kichwa, na mwalimu ni Mzenji. Mwezi wa sita Dodoma asubuhi unavaa sweta, sasa we vua. Mangi alikuwa anaingia kwa kushika ukuta kama mtu anaeshuka kisimani. Mi nilikuwa nazama tu, moja kwa moja, kama tofali la saruji, na Mzenji kazi kuimba juu yangu, "wajikaza bure, achia mwili, maji hayana ugomvi nawe". Sista ndo alitushangaza. Jumapili ya tatu alikata bwawa lote akarudi, akatoka akajifunga kanga yake akakaa kunywa chai, hakusema kitu. Mi ilinichukua mpaka katikati ya mwezi wa saba kuvuka upande mmoja bila kugusa chini, na ule upande ni ule mfupi, nisiwadanganye.

Alafu kuna kule kusimama. Nilisoma kwamba mafunzo yanaanzia mchangani, unalala kwenye ubao, unapiga makasia na mikono, unaruka kusimama mara moja, magoti yamekunjwa, mguu mmoja mbele. Mchanga Dodoma tunao. Mangi akabeba mbao nne za kumwagia zege dukani kwake, tukaenda kwenye korongo moja njia ya Hombolo, mwezi wa saba ni mchanga mtupu mweupe, hakuna tone. Tukazipanga tukalala kifudifudi watu wazima wanne na Mzenji anahesabu, moja, mbili, ruka! Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wakaacha mbuzi. Mmoja akauliza nyie mnaogelea mchangani? Akapita mzee na fimbo yake, akasimama akatuangalia, kwa adabu zote akatusalimia Kigogo, "Mbukwenyi", na sisi tukaitikia tukiwa tumelala vilevile tumbo chini mikono inapiga makasia hewani.

Tulirudi korongoni Jumamosi nne. Mama aliposikia alinipigia simu, hakugomba, aliniambia tu babu yako alikuwa anachimba kwenye makorongo hayohayo apate maji ya kunywa, mwanangu we unachimba nini?

Safari yenyewe sina mengi, basi mpaka Dar, ndege Johannesburg, nyingine mpaka Durban, randi moja kama shilingi mia na hamsini na kitu kwaio kila kitu tulikuwa tunazidisha kichwani kabla ya kununua hata maji. Asubuhi ya kwanza tuko bichi saa moja, upepo unatoka nchi kavu na mawimbi yamenyooka vizuri, mwalimu kijana wa Kizulu katupa bao za sponji za futi nane, akachora michoro mchangani akasema leo tutatumia nusu saa hapa kwanza kujifunza kusimama. Akahesabu. Tukaruka wote wanne kwa pamoja, magoti yamekunjwa, mguu mbele, mikono sawa. Akarudia, tukaruka tena vilevile kama gwaride la Uhuru. Akacheka, akauliza mmejifunzia wapi nyie?

"Dodoma," Mangi akamjibu.

"Kuna mawimbi huko?"

Tukaangaliana. Sista, ambae kama nilivosema sio muongeaji, akasema bahari yetu iko sawa tu, ila maji yake yanakuja Januari. Kijana akatikisa kichwa kama kaelewa, akasema basi hamna haja ya nusu saa, twendeni. Nikaangalia yale maji, nikakumbuka ile fomu, nikamshika Mzenji mkono nikamwambia usikae mbali na mi.