Risasi ya nyati: ya mgeni na ya kwangu

Mpwa wangu kamaliza Mweka, chuo cha wanyamapori, na sasa anajifunza kazi kwa mwindaji bingwa mmoja kule Rungwa, pori la akiba. Tangu apate nafasi hiyo simu yangu haipumziki. "Shikamoo mjomba, .416 au .458?" "Mjomba, kuna mtu kambini anasema .375 ni ya watoto." Namba hizo ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi. Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye WhatsApp, kwa hiyo naandika hapa mara moja, na mwingine mwenye swali hilo asome.

Kwanza kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Mgeni, yaani mtalii anayelipa kuwinda, anapiga nyati aliyesimama, asiye na habari, hatua sitini au themanini mbele, bunduki ikiwa imeegemea fimbo tatu. Mimi, mwindaji bingwa niliye pembeni yake, nimebeba bunduki kwa ajili ya dakika ambayo mambo yameharibika: nyati kajeruhiwa, kaingia kichakani, sasa anatoka hatua kumi mbele yangu, pua juu, anakuja. Nyati wa kwanza akikimbia mita mia kisha akaanguka, hakuna neno. Huyu wa pili akichelewa kuanguka, kuna mtu anazikwa. Ubishi mwingi wa kambini unatokana na kumpa mgeni risasi ya kazi yangu.

Kwa mgeni mimi nasema .375 H&H na sina haja ya kuzungukazunguka. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912 na hadi leo sijaona sababu ya kuiacha. Sheria zetu zinaitaja kaliba hiyo kuwa kima cha chini kwa nyati na tembo, kwa hiyo chini yake hakuna mjadala. Kichwa chake cha kawaida, yaani kile kipande kinachoruka, ni cha greni 300, karibu gramu 19 na nusu, na kinatoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kinashuka njiani karibu sawa na cha .30-06, risasi nyepesi ya kuwindia wanyama wa kawaida, kwa hiyo bunduki iliyoua nyati asubuhi inaweza kumpiga palahala ng'ambo ya mbuga jioni bila mgeni kubadilisha hesabu kichwani.

Halafu angalia umbo la ganda lenyewe. Ni refu na linapungua taratibu kutoka kitakoni hadi shingoni, maana lilibuniwa enzi za baruti ya nyuzi ndefu. Umbo hilo linaingia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa ulaini na kutoka kwa ulaini. Anayedharau jambo hili hajashinda juani Oktoba, gari limegeuka tanuri na mbung'o wanamla shingoni. Risasi ikipata moto, mgandamizo ndani ya ganda unapanda, na ganda linaweza kung'ang'ania chemba wakati unahitaji risasi ya pili. .416 Rigby ya 1911 nayo ni pole kwa upande huo, kwa sababu ganda lake ni kubwa na halihitaji mgandamizo mkali. Tatizo lake ni kwamba inataka bunduki yenye mwili mpana, na bei ya bunduki hiyo wengi wetu tunaisikia tu.

Na teke? La .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06. Mtu mzima anayefanya mazoezi analizoea. Kuanzia .458 kwenda juu ni habari nyingine, na wageni wanajidanganya sana hapo. Nimewahi kumpokea bwana mmoja mwenye .500 mpya inayong'aa, na ilionekana wazi hajaipiga zaidi ya kupimia shabaha. Nyati kasimama ubavu, pazuri kabisa, yeye kafumba macho kabla hajafyatua. Risasi ikaingia tumboni. Tulifuata damu hadi giza, mimi, wafuata nyayo wawili na askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kesho yake tukamkuta amelala anatusubiri kwenye matete. Kwa sheria, mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa na kulipiwa hata asipopatikana. Ila mwenye kuingia kwenye matete si mwenye kulipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mpwa wangu hajaniuliza hata mara moja, na ndilo lingetakiwa kuwa swali la kwanza: kichwa cha risasi kimetengenezwaje. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga moose huko Kanada, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, mwenye matope mazito begani. Bunduki ilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini vichwa vilipasuka juu juu bila kuzama. Miaka miwili baadaye akawa ametengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inapanuka, nusu ya nyuma inaendelea na safari. Siku hizi kuna vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi ndani, na hivyo ndivyo ninavyowaambia wageni wangu walete. Mbavu za nyati zimepandana na bega lake ni zito. Kichwa laini cha bei rahisi kinaweza kuishia hapo.

Solidi, yaani kichwa kigumu kisichopanuka, kina mahali pake. Kwa tembo ni lazima. Kwa nyati aliye kundini kina hatari: kinatoboa wa kwanza na kumjeruhi wa nyuma ambaye hukumwona. Ndiyo maana risasi ya kwanza nataka iwe ya kupanuka, na zinazofuata ndani ya magazini ziwe solidi, kwa kuwa nyati anayekimbia anakupa matako, na kutoka matakoni hadi moyoni ni mbali.

Kuna watakaonitajia yule Mskochi Bell wa Karamoja aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa 7x57, risasi ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, alitumia solidi ndefu, na hakuwa na mgeni wa kumlinda. Ukifika huko nipigie.

Kwa kazi yako wewe mpwa, kazi ya kusimamisha, chukua .458 Lott. .458 ya Winchester ilitoka 1956, na ganda lake la milimita 63.5 lilikuwa fupi mno kwa kichwa cha greni 500, baruti ikashindiliwa, na risasi zilizokaa muda mrefu stoo zikaanza kupoteza mwendo. Jack Lott, aliyeumizwa na nyati Msumbiji 1959, alikuja kurefusha ganda hadi milimita 71. Mimi naipenda kwa sababu ya kijinga zaidi: chemba ya Lott inakubali risasi za Winchester, na hizo ndizo ninazozipata nikiishiwa. Kinyume chake haiwezekani, usijaribu. Mitutu miwili ya .470 ni tamu, risasi mbili bila kukoki, lakini kwa mshahara wa mwanafunzi tuiache.

Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo pitisha kila risasi utakayobeba kutoka magazini hadi chemba na kuitoa, moja moja, mtutu ukielekezwa pasipo na mtu. Yoyote inayokwama, hata kidogo, iache nyumbani.