Unga wa Kuku

Juzi nilikuwa nikichekecha unga wa maandazi, mdudu mmoja wa rangi ya hudhurungi, mfupi kuliko punje ya mchele, akabaki juu ya chekeche akitapatapa. Mwanangu wa mwisho, yule wa maswali, alimkodolea macho kisha akauliza: "Mama, mtu akimla huyu inakuwaje?" Nilimjibu kwamba akipikwa hana neno, nikaendelea kukanda. Jibu langu lilikuwa la kweli, ila nilimkatia katikati.

Mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka minane, nilikuwa nikiishi na bibi Kondoa. Tumbo lilinisokota kwa wiki nyingi, chakula nikakikinai, na dawa za kawaida za minyoo nilizopewa mara mbili hazikusaidia kitu. Hatimaye bibi alinishika mkono tukaenda kituo cha afya, choo changu kikiwa ndani ya kisanduku cha kiberiti alichokifunga kwa uzi kana kwamba kilikuwa na kitu cha thamani.

Bwana wa maabara alikuwa kijana mpole. Aliinamia hadubini, akainuka, akainama tena, kisha akamwambia bibi kwamba mtoto ana tegu, yule mnyoo bapa ambaye mara nyingi watu humpata kwa kula nyama isiyoiva. Baada ya hapo akauliza swali ambalo nadhani alifundishwa kuliuliza bila kumtazama mtu usoni: "Samahani, bibi, nyumbani mnakula nyama ya nguruwe?"

Sijawahi kusikia chumba kikinyamaza namna ile. Bibi alikuwa mtu wa sala tano, ambaye hata neno hilo hakupenda litamkwe karibu na vyombo vyake. Alivuta mtandio mbele ya paji la uso, akatazama ukutani, akatazama mlango, mwisho akanitazama mimi, na katika macho yake niliona anapitia nyumba zote za jirani nilikowahi kula. "Mwanangu," alimwambia yule kijana kwa sauti ya chini sana, "angalia tena."

Kijana aliangalia tena, safari hii kwa muda mrefu, akafungua kitabu kikubwa kilichochakaa na kuburuta kidole juu ya picha zake. Labda kwa kutaka kuipoza hali, alinipandisha juu ya stuli nami nichungulie. Niliona duara la manjano lenye ganda nene, na ndani yake duara dogo zaidi lenye vijindoano ambavyo yeye alivihesabu kwa sauti mpaka sita. Lilikuwa yai, na mpaka leo nakumbuka kwamba niliona ni zuri.

"Huyu si wa nguruwe wala wa ng'ombe," alisema akijisahihisha taratibu. "Ni tegu wa panya." Alieleza kwamba mayai hutoka na kinyesi cha panya, huliwa na wadudu wa unga na nafaka, na ndani ya mdudu hugeuka kuwa kiluwiluwi, panya akimla mdudu huyo, tegu hukua tumboni mwake, na mtu akimmeza pamoja na unga mbichi humpata vilevile, ingawa hutokea kwa nadra na mara nyingi kwa watoto. Alisema anaweza kufikia hata sentimita 60, na kwamba dawa yake ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho, inayomezwa mara moja kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Ilikuwa chungu kupita kiasi. Choo kilipopimwa tena baada ya wiki kadhaa, hakikuwa na kitu.

Mimi nilipona, lakini bibi aliondoka pale na jeraha lake. Tuhuma ya nguruwe ilikuwa imefutwa, na badala yake akapewa panya na wadudu, yeye ambaye wanawake wa mtaa walikuja kujifunza kwake namna ya kuhifadhi uwele. Adui aliyemjua ni dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka ghalani, yule mgeni wa kutoka Amerika ya Kati aliyeanza kutusumbua huku nchini kupitia Tabora, naye alimpiga vita kila msimu. Mdudu wa unga hakumhesabu, kwa kuwa hana nguvu ya kutoboa punje nzima. Husubiri zilizovunjika na vumbi lake. Jioni ile alimwaga debe zima la unga na kusugua kihenge, na kwa mwezi mzima tulikula sembe ya kununua, ambayo aliitafuna bila kusema neno.

Debe lile lilikuwa safi. Lilikuwa na kifuniko na lilikaa chumbani kwake, nisikoweza kufika. Nilichokuwa nikilamba, nikikichanganya na sukari ya wizi, ni yale mafagio ya unga na chenga aliyoyaweka kwa ajili ya kuku katika chungu kilichovunjika mdomo, chini ya kihenge, panya wanakopita. Nililijua hilo tangu nilipokuwa juu ya stuli.

Bibi alifariki mwaka 2009. Kila nilipokwenda kumsalimia, hata nilipokuwa na watoto wangu, alikuwa akileta ungo wa unga mpaka mlangoni penye mwanga kabla ya kusonga ugali, akanisogezea na kusema, "Hebu tazama mwenyewe." Nilitazama, nikamwambia ni safi.